Asumini Katika Eda

Nilipopigiwa simu kwamba Bi Zuwena amefariki, nilikuwa dukani kwangu Chaani nikimimina asumini kutoka kwenye dumu la lita ishirini. Nasema asumini kwa sababu ndivyo wateja wanavyoiita na ndivyo nilivyoandika kwenye chupa, lakini mafuta yale hayajawahi kukutana na ua. Yanakuja kwa meli, yanadumu hata nguo ikifuliwa mara mbili, na mteja akiniuliza kama ni ya kienyeji humjibu kwamba mwenye duka ni wa kienyeji, na huo si uongo. Aliyepiga simu ni mpwa wa marehemu. "Dada Mishi," aliniambia, "anazikwa alasiri. Wanawake wanasema manukato ya maiti ulete wewe, maana wewe ndiwe mwanafunzi wake." Nikasema inshallah, nikafunga dumu, nikakaa juu yake. Sikulia. Nimekwisha kupita hamsini na nimewalilia watu ambao sikuwapenda hata kidogo, kwa adabu tu, lakini kwa Bi Zuwena machozi yalikataa. Nadhani ni kwa sababu nilimmaliza zamani, mwaka nilioishi nyumbani kwake Likoni nikiwa na miaka kumi na tisa. Aliyezikwa alasiri ile ni mwili tu uliokuwa umebaki.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, na mtu angeweza kuipata amefumba macho. Chumba cha kazi kilikuwa cha mwisho ukumbini, dirisha lake limezibwa kwa gunia ili jua lisiingie. Mlikuwa na jiwe la kusagia sandali, masinia ya bati yaliyopangwa juu ya rafu, chupa zilizozibwa kwa nta, na kibao kimoja cha kukalia ambacho kilikuwa chake peke yake, mimi nilichuchumaa. Bi Zuwena alikuwa mpishi wa manukato ya maharusi. Alipika udi kwa sukari na maji ya mawardi, alitengeneza tibu, unga wa manukato wa kumsingia bibi harusi mwilini, na zaidi ya yote alikuwa na mafuta yake ya asumini, ambayo wanawake kutoka Mtongwe mpaka Kisauni waliyajua kwa jina la mwenyewe. Harusi ikinukia vile, watu walisema tu, "Huo mkono wa Bi Zuwena," wakaendelea kula. Sandali alinunua, na udi pia, kwa kuwa havioti kwetu, na hilo lilimuudhi. "Mti hununuliwa," alikuwa akisema. "Harufu hainunuliwi." Aliponikuta siku ya kwanza nikinusa chupa ya marashi niliyokuja nayo, aliichukua, akaifungua, akaimwaga chooni na kunirudishia chupa tupu kwa heshima zote.

Alinifundisha kwa kucha. Alinifunga macho kwa leso, akaniletea puani kitu kimoja baada ya kingine, na nikikosea alinifinya sikio mpaka nikaona nyota ndani ya kile kitambaa. Siku za kuchuja mafuta ilikuwa marufuku kula samaki wala kitunguu, eti vinaziba pua, basi mimi na yeye tulikula wali mkavu na maziwa huku mumewe, Mzee Ali, akila papa wa nazi ukumbini na kutuchungulia. "Zuwena, huyo mtoto utamuua kwa wali," alisema mzee. "Akifa kwa wali atakuwa wa kwanza," alijibu mkewe. Mzee Ali alikuwa ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyezungumza nami bila miiba, na mara nyingine alinibakishia kipande cha papa chini ya sahani. Nilikila nikijua kwamba kesho yake nitatambuliwa. Nilitambuliwa kila mara.

Kulikuwa na maneno mawili ambayo Bi Zuwena hakuruhusu yachanganywe. Kitu kizuri kinanukia, kibaya kinanuka, na kila mtoto wa pwani anajua hilo, ila yeye aliligeuza kuwa sheria. Mafuta ya dukani, hata yawe ya bei gani, yalinuka. Yaliyotengenezwa kwa mkono yalinukia. Nilipowahi kusema kwamba binti fulani "ananukia" na binti yule alikuwa amejitia marashi ya chupa, nilisaga sandali siku tatu mfululizo mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Nilimchukia. Nasema wazi, kwa sababu watu wakiandika juu ya walimu wao hupenda kupaka asali. Nilimchukia kuanzia unyayo wake uliopasuka mpaka pua yake nyembamba, na papo hapo nilitamani kwa moyo wote aseme mara moja tu kwamba kazi yangu imeiva. Hakusema. Alikuwa akinusa, akikunja uso, na kusema, "Endelea."

Mzee Ali alikufa mvua za kwanza, kwa ugonjwa wa siku nne. Bi Zuwena akaingia eda. Alikaa chumbani kwake juu ya mkeka, amevaa leso nyeupe, hana wanja, hana hina, hana pete, na hana tone la manukato mwilini, kama inavyompasa mjane kwa miezi minne na siku kumi. Sikupata kumwona amelia. Ila mikono ilimtaabisha. Ilikaa mapajani ikisuguana vidole, kama inayotafuta vikonyo vya kuchambua, na chumba kile kilichokuwa jirani na masinia yake kilinuka mkeka na dawa ya mbu. Wanawake walikuja kumpa mkono wa pole na wakaleta vyakula, biriani na mikate ya sinia, na kwa miezi ile nilishiba kuliko wakati wowote wa mwaka.

Shida ni kwamba kulikuwa na harusi. Bi Nuru, mama mwenye sauti kubwa na binti mmoja tu, alikuwa amekwisha kuagiza vitu vyote vya bibi harusi kabla ya msiba, na tarehe haikuweza kusogezwa kwa kuwa bwana harusi alikuwa baharia. Udi ulikuwa tayari. Tibu ilikuwa tayari. Asumini ilikuwa bado. "Utaifanya wewe," Bi Zuwena aliniambia kutoka mkekani. "Unajua njia." Nilijua. Matumba ya asumini huchumwa alasiri, yakiwa meupe lakini hayajafunguka, yakiwa makavu kabisa. Unayatoa vikonyo kimoja kimoja, kwani kikonyo huleta harufu ya majani. Unayatandaza juu ya mafuta ya ufuta katika sinia, unafunika kwa kitambaa, na kesho yake unayatoa yote na kutia mapya. Siku ishirini na moja. Ukitia ua lililolowa siku moja tu, mafuta yanavunda na unaanza upya.

Na mvua ilikuwa inanyesha. Nilichuma siku tano kwenye ua wa Mama Kioko, mpangaji wa nyuma, Mkamba ambaye mumewe alifanya kazi bandarini. "Wewe Mishi, hii maua unamaliza yote, mimi nitabaki na miti?" alinilalamikia huku akinisaidia kutikisa matawi. Siku ya sita mafuta yalivunda. Nikavuka na feri, nikaenda mjini, nikanunua chupa ndogo ya asumini ya dukani, nikaimimina katika mafuta ya ufuta na kukoroga kwa kijiti. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Ilikuwa nzuri, wallahi. Mimi mwenyewe niliipenda, na nikajiuliza huyu mwanamke amekuwa akitutesa kwa ajili ya nini.

Nilipita ukumbini na lile bakuli siku ambayo wageni walikuwa chumbani, wanawake saba, Bi Nuru mmoja wao. Sikuwa nimefika mlangoni nilipoitwa.

"Mishi!"

"Abee."

"Njoo hapa. Umebeba nini?"

"Asumini, Bi."

"Bi Zuwena, wewe mambo ya harufu si yako sasa," mgeni mmoja alimkumbusha kwa upole.

"Nimekatazwa kujitia. Sikukatazwa kuwa na pua," alijibu. Kisha akaniambia, "Jipake mikononi. Mpaka kwenye viwiko. Usoni pia." Nikajipaka. "Sasa pita kwa kila mmoja wakunuse." Nikapita. Wale wanawake walinusa huku wakitazamana, na Bi Nuru akafungua mdomo kusifu. Bi Zuwena akamwahi. "Hivyo ndivyo anavyonuka mvivu. Huyu mamake aliniletea akasema, mtoto hana sura, hana elimu, labda ana pua. Nikasema haya, pua tutaitafuta. Leo nawaambieni mbele ya Mungu, hata pua hana." Mmoja alicheka. Sikusahau kicheko kile, kilikuwa kifupi na cha kweli. Kisha nikaambiwa nitoke uani nijisugue kwa majivu, na mlango uachwe wazi.

Nilianza upya. Mvua ilikuwa imepungua, na mimi nilikuwa nimeingiwa na kitu kibaya ambacho kilifanya mikono yangu iwe hodari. Nilichuma mpaka Mama Kioko akaacha kulalamika. Nilikausha kila ua kwa ncha ya kanga. Sikula samaki, sikula kitunguu, na mara nyingine sikula kabisa. Siku ya ishirini na moja niliyachuja na nikakaa chini, kwenye kibao chake, na kuyanusa. Yalikuwa yale yale. Yalikuwa asumini ya Bi Zuwena, ile inayoanza taratibu kama haipo, halafu inapopata joto la mwili inaamka na kujaza chumba. Nilimpelekea. Alinusa kwa mbali, mikono nyuma ya mgongo asije akaguswa hata na tone. "Weka hapo dirishani," alisema. "Endelea na kazi zako."

Bi Nuru alipokuja kuchukua, mimi nilikuwa ukumbini na sinia la chai. Nilisikia kila neno.

"Hii si ya yule msichana?" aliuliza Bi Nuru. "Mwanangu sitaki ajaribiwe kazi ya mkono wa mtu mwingine."

"Hii niliiweka mimi kabla ya msiba," alisema Bi Zuwena. "Nilikuwa nimeificha. Mkono wangu hauko kwa mtu mwingine, Bi Nuru. Unajua."

"Najua."

Nikaingia, nikawamiminia chai. Bi Zuwena alipokea kikombe bila kunitazama. Kwenye harusi nilipewa kazi ya kupitisha sahani, na kila nilipopita nilisikia wanawake wakivuta pumzi na kusema, jamani, huo mkono wa Bi Zuwena, hata ujane haujamshinda. Mbavu zilikuwa zinaniuma kwa hasira. Nilifikiri hivi, na nakumbuka kwamba nilifikiri taratibu kabisa: kama harufu hii ni yako, basi ivae.

Nilisubiri mafua. Mwezi wa tatu wa eda Bi Zuwena alishikwa na mafua makali, pua imeziba, macho yanatoka machozi, na Ijumaa ile wanawake walikuwa wanakuja kumsomea marehemu Yasini. Nilikuwa nimejiwekea kichupa cha yale mafuta yangu. Nikipiga pasi leso yake nyeupe, nilipaka matone manne kwenye pindo, sehemu inayozunguka shingo. Nguo ikiwa baridi haisemi kitu. Nilimpa mkononi, akaivaa, akaniambia pasi yangu haijanyoosha vizuri.

Walisoma. Chumba kilijaa, wameketi bega kwa bega, joto likapanda. Nilikuwa mlangoni na birika la kahawa nilipomwona Bi Nuru amenyanyua uso kutoka kwenye msahafu. Alinusa bega lake la kulia, la kushoto. Wengine nao wakaanza kujinusa, kila mmoja kwa siri, kisha si kwa siri tena. Bi Nuru akainama kwa Bi Zuwena.

"Lo! Bi Zuwena. Wanukia."

Miaka yote hakuna sifa aliyoipenda kuliko hiyo, na nadhani kwa nukta moja aliipokea kama sifa, kwa sababu niliona uso wake ukilegea. Halafu akaelewa. "Mimi? Nina mafua, sisikii harufu yoyote. Wallahi sikujitia."

"Pengine amekumbatiwa na mgeni aliyejitia," alisema mmoja, akijaribu kumwokoa. "Mafuta haya ya dukani hushika nguo."

"Ya dukani?" Bi Nuru alisema. "Hii ndiyo aliyojitia mwanangu siku ya harusi. Hii haina duka. Mwenyewe aliniambia, mkono wake hauko kwa mtu mwingine."

Ningekuwa nimetumia ile chupa ya mjini, angeponyoka. Angesema ni ya mgeni, na wangemwamini au wangejifanya kumwamini, kwani mafuta yale kila mtu anayo. Lakini nilimpaka ya mkono. Bi Zuwena alinigeukia pale mlangoni. Nami nikaliangalia birika. Alifungua mdomo, nikajua sasa atalitaja jina langu. Akaufunga. "Malizeni sura," alisema. Wakamaliza haraka haraka, kahawa hawakuinywa. Huko nje, wakitafuta viatu, hawakujali hata kunong'ona. "Mumewe hata mchanga haujakauka." "Anajitilia nani, tuseme?" "Mimi nilikuwa nikijiuliza mbona halii." Mama Kioko, aliyekuwa akifua uani, aliniuliza kuna nini. Nilipomweleza alishangaa kweli kweli. "Sasa mafuta ya maua tu ndio wanaongea hivyo? Kwani ameua mtu?"

Wiki ilipita Bi Zuwena hajanisemesha. Pua ilipofunguka aliniita. Leso ilikuwa mapajani mwake, hakuifua. Alikuwa ameikunja ili lile pindo liwe juu.

"Funga mlango. Lete mkono." Nikafumba macho nikingoja kucha. Hakunifinya. Alikinusa kiganja changu, kisha pindo, kisha kiganja tena, kama tulivyokuwa tukifanya kazini. "Kuna kikonyo kimoja au viwili vilikuponyoka," alisema. "Vinasikika kwa mbali sana. Nuru hawezi kuvisikia. Hakuna atakayevisikia ila mimi." Akauachia mkono wangu. "Imeiva, Mishi. Huna tena la kujifunza hapa."

Nilianza kulia na kusema nitawaambia, Bi, nitawaambia wote kwamba ni mimi.

"Utawaambia nini? Kwamba ile asumini uliitengeneza wewe? Na ya harusi je, niseme nilimpa bibi harusi kazi ya mtoto nikaapa ni yangu?" Hakupandisha sauti. "Waseme nimejitia. Hilo ni baina yangu na Mungu, naye anajua. Wasiseme kwamba mkono wangu ulikuwa wako." Akaikunja ile leso, akaniambia nitoke na nifunge mlango taratibu.

Nimelifikiria sana jibu lile, na kila nikilifikiria linazidi kunitisha. Aliwekwa kati ya majina mawili, la mjane mwema na la fundi, akachagua moja, na alilolichagua pia lilimponyoka. Hakuna mama wa Likoni aliyekubali mjane aliyejitia manukato edani amsinge bintiye. Siku ya kutoka eda, siku ambayo mjane huogeshwa na kuvishwa na kufukizwa udi, walikuja watu wawili, na mmoja alikuwa Mama Kioko na bakuli la maharagwe. Bi Zuwena alikubali kuoga. Manukato aliyakataa, akasema amezoea. Kuanzia siku ile mpaka alipokufa hakujitia tena hata tone la mawardi. Wale kina mama walihitaji asumini kutoka kwa mtu, nao walikumbuka kwamba kulikuwa na msichana. Walikuja kwangu kabla mwaka haujaisha, Bi Nuru mbele yao. Nikawatengenezea. Miaka ya kwanza nilichuma maua, baadaye nikachanganya nusu kwa nusu, na baadaye nikaacha kujisumbua. Hakuna aliyetambua tofauti. Aliyeweza kutambua hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Alasiri ile ya mazishi nilifika na kafuri, mawardi na sandali ya unga, vyote vya pakiti. Walikuwa wamekwisha kumwosha. Alikuwa mdogo sana juu ya kile kitanda, na pua yake ilikuwa imezidi kuwa nyembamba. Bi Nuru, mzee sasa na fimbo yake, alikuwa amekalishwa kwenye kiti pembeni. Nilipoanza kumnyunyizia mawardi alisema kwa ile sauti yake, "Zidisha, mwanangu, zidisha. Huyu alikuwa hawezi kukaa bila kunukia, hata edani." Wakacheka, kile kicheko cha chini ambacho wanawake hucheka penye maiti. Wasichana wawili ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule walicheka pia. Walikuwa wanakijua kisa.

Nikaweka chini mawardi. Nikasema, "Bi Nuru, ni mimi. Ile asumini ilikuwa yangu, nilimpaka mimi kwenye leso wakati wa kupiga pasi. Hata ya harusi ya mwanao niliitengeneza mimi. Yeye hakujitia kitu."

Wote walinitazama. Bi Nuru aliinuka kwa tabu, akaja mpaka niliposimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mwenyezi Mungu akulipe," alisema. "Siku hizi utampata wapi mwanafunzi wa kujitwika aibu kwa ajili ya mwalimu wake?"

"Nasema kweli, Bi Nuru."

"Najua, mwanangu, najua. Msitiri. Ni maiti." Akawageukia wale wasichana. "Mmeona? Hiyo ndiyo adabu. Hata angekuwa nani yule marehemu, huyu alimlea vizuri." Wanawake wakaitikia amin. Mmoja alinifuta uso kwa upande wa leso yake, mwingine akaniletea kiti na gilasi ya maji, na kwa kuwa nilikuwa na kiu niliyanywa yote.